Kununua Kompyuta kwa Mshahara wa Askari

Ndugu wasikilizaji, askari wa Jeshi la Ulinzi wa Taifa na askari wa Polisi ya Taifa, mlioko makambini, vituoni na malindoni, pamoja na jamaa zenu mnaotusikiliza majumbani: jioni hii tunapenda kuzungumza juu ya chombo ambacho wengi wenu mnakitamani, na ambacho kimekwisha kuwatia baadhi yenu hasara. Chombo hicho ni kompyuta mpakato, ile inayokunjwa kama kitabu na kubebwa kwapani, ambayo vijana wanaiita laptopu.

Huenda msikilizaji mmoja akauliza: je, redio ina haja gani ya kuingilia ununuzi wa mtu binafsi? Haja ipo. Askari analipwa mshahara unaojulikana, kwa siku inayojulikana, na wauzaji wa mjini wanaijua siku hiyo kama wanavyoijua kalenda. Aidha, tangu Desemba 2007, vikosi vya kwanza vya Burundi vilipotua Mogadishu, maelfu ya wanajeshi wetu wamekwenda Somalia, na wengine wakaenda Bangui, na kila kikosi kiliporejea kilirejea na akiba ya fedha. Nyingi ya fedha hizo zilijenga nyumba na kulipa karo. Lakini si haba zilizoishia katika mashine ambazo leo zimelala chini ya kitanda, kioo kimepasuka, betri imevimba, na mwenyewe hataki hata kuulizwa.

Wala haja ya kompyuta si ya anasa. Koplo anayejiandaa kwa mtihani wa kupandishwa cheo anahitaji kusoma na kuandika. Askari polisi anayesoma chuo jioni, baada ya zamu, anatakiwa alete kazi yake ikiwa imepigwa chapa. Mtoto aliyefika chuo kikuu anatakiwa vivyo hivyo. Zamani kazi hiyo ilipelekwa kwa mpiga chapa wa mjini, ukalipa kwa kila ukurasa, na siri zako akazisoma yeye kabla ya mwalimu. Kwa hiyo swali letu la leo ni moja: mtu mwenye kipato cha askari, anayetaka kununua kompyuta moja itakayomtumikia miaka minne au mitano, achague ipi?

Kabla ya kwenda mbali, tuitazame bei, maana hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Burundi haina bahari. Mashine inayouzwa Bujumbura imetengenezwa Asia, mara nyingi China, ikapita Dubai au Ulaya, ikashushwa Dar es Salaam, kisha ikaja kwa lori kupitia Kobero, au kwa reli hadi Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika. Kila kituo kimeongeza gharama yake. Juu ya hayo, mwagizaji hununua kwa dola, naye anauza kwa franka. Mwezi wa Mei 2023 franka yetu ilishushwa thamani, na tangu hapo kila mfanyabiashara huhesabu bei yake kwa dola aliyoipata yeye, si kwa dola iliyoandikwa benki. Ndiyo sababu bei uliyoisikia Jumatatu huwezi kuwa na hakika ya kuikuta Ijumaa. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2025 limeongezeka jambo jingine: viwanda vinavyotengeneza vipande vya kumbukumbu vya kompyuta vimeelekeza sehemu kubwa ya mazao yao kwenye mitambo mikubwa ya akili mnemba huko ng'ambo, na bei ya vipande hivyo ikapanda duniani kote. Msione ajabu basi mashine ikipanda bei hali ubora wake haukupanda.

Tuseme askari wetu amejiwekea akiba inayolingana na dola 250. Mbele yake kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua kompyuta mpya kabisa, iliyofungwa katika sanduku lake, ya daraja la chini. Ya pili ni kununua iliyokwisha kutumika, lakini ya daraja la juu.

Mtu mwungwana hupenda kipya. Hiyo ni tabia ya binadamu, na muuzaji anaijua. Lakini yafaa tukifungue hicho kipya tukione ndani. Mara nyingi kompyuta mpya ya bei hiyo ina prosesa dhaifu, mathalani zile zinazoitwa Celeron. Ina kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu, ya gigabaiti 4 tu. Na badala ya diski ya kweli ina kipande kidogo cha kuhifadhia cha gigabaiti 64 kilichounganishwa moja kwa moja na ubao, kisichoweza kuondolewa. Mfumo wa Windows peke yake hula sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Miezi sita ikipita, mashine inamwambia mwenyewe kwamba hakuna nafasi ya kupokea marekebisho, naye hana cha kufanya, maana hata ramu yake imegundishwa ubaoni. Ni mpya kwa sura, lakini ilizeeka kiwandani.

Kuna mtu mmoja msomi wa Marekani, Nicholas Negroponte, ambaye mwaka 2005 aliutangazia ulimwengu kwamba atatengeneza kompyuta mpakato ya dola 100 kwa ajili ya watoto wa nchi maskini. Nia yake ilikuwa njema na watu wengi walimpigia makofi. Zilipoanza kutoka kiwandani mwaka 2007 bei ilikaribia mara mbili ya ile iliyoahidiwa. Tunamtaja ili msikilizaji ajue kwamba hata mtu mwenye wahandisi hodari na marafiki wakubwa alishindwa kuipata kompyuta nzuri mpya kwa fedha kidogo sana. Muuzaji wa barabarani anayekuahidi hilo, yeye amelipata wapi?

Njia ya pili, kwa maoni yetu, ndiyo inayomfaa askari wengi. Makampuni makubwa na ofisi za serikali huko Ulaya, Marekani na Ujapani huwanunulia wafanyakazi wao kompyuta imara, kisha baada ya miaka mitatu au minne huzibadilisha zote kwa pamoja. Zile zilizoondolewa huuzwa kwa mafungu, na ndizo zinazofika kwetu. Hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya duka la rejareja. Kibodi yake ni ngumu, bawaba zake ni za chuma, na fundi anaweza kufungua kifuniko cha chini kwa bisibisi akaongeza ramu au kubadilisha diski. Majina yake myashike: ThinkPad za kampuni ya Lenovo, Latitude za Dell, na EliteBook za HP. Askari hachagui bunduki kwa kung'aa kwa kitako chake. Huangalia kama ilikwisha kupita matopeni ikaendelea kufanya kazi.

Lakini jina peke yake halitoshi, na hapa naomba mtege masikio, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuutengenezea mfumo wa Windows 10 marekebisho ya usalama, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika muda wa nyongeza. Mfumo unaoufuata, Windows 11, haukubali rasmi kila mashine. Kwa prosesa za Intel za aina ya Core, unataka kizazi cha nane au zaidi, yaani zile zilizoanza kutoka mwishoni mwa mwaka 2017. Matokeo yake ni kwamba makampuni ya ng'ambo yaliondoa mamilioni ya mashine za vizazi vya nyuma kwa pamoja, na mashine hizo zinatafuta mahali pa kwenda. Afrika ni mojawapo ya mahali hapo. Ndiyo maana unaona bei ya nyingine imekuwa nafuu kwa ghafla.

Kizazi hukitambua kwa namba. Ukiona imeandikwa i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni nane. Hicho ni kizazi cha nane. Ukiona i5-6300U, hicho ni cha sita. Ukiona i5-10210U, zisome tarakimu mbili za kwanza: ni kizazi cha kumi. Wala usidanganywe na herufi i7. Muuzaji atakuambia kwa sauti kubwa kwamba hii ni i7, kana kwamba ametaja cheo cha jenerali. Lakini i7 ya mwaka 2012 ni jenerali mstaafu, na i3 ya miaka ya karibuni humpita katika kazi nyingi. Kwa kufuata majina ya mashine zenyewe, kwa kawaida: EliteBook 840 yenye alama ya G3 au G4 iko nyuma ya mpaka, ile ya G5 imevuka, ThinkPad T470 iko nyuma, T480 imevuka, Latitude 7480 iko nyuma, 7490 imevuka. Mtu akiandika majina hayo matatu yaliyovuka katika kipande cha karatasi na kwenda nacho mjini, tayari amejikinga na nusu ya maneno atakayoambiwa.

Je, mashine ya nyuma ya mpaka haifai kabisa? La, hatusemi hivyo. Ikiwa bei yake ni ndogo kweli, inaweza kuwekewa mfumo mwingine wa aina ya Linux, ambao hautozwi fedha na unaendelea kupata marekebisho. Mojawapo ya mifumo hiyo unaitwa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Na Mrundi hahitaji kufasiriwa neno hilo, maana ni neno lake mwenyewe la nyumbani. Ndani yake kuna programu ya kuandikia na ya kupigia hesabu. Kwa mwanafunzi anayeandika na kusoma, inatosha. Kwa yule ambaye chuo chake au ofisi yake inamlazimisha kutumia programu fulani za Windows, itamsumbua, naye aulize kwanza kabla ya kulipa.

Kuhusu ramu na diski sitakawia. Ramu iwe gigabaiti 8. 4 ni ya kubanana. Diski iwe ya ile aina mpya isiyo na sahani inayozunguka, mafundi huiita esesidi, yenye gigabaiti 256 au zaidi. Diski ya zamani yenye sahani huzunguka kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika, nayo haipendi kutikiswa. Fikirini safari ya lori kutoka Bujumbura kwenda lindo la mlimani, kisha mtajua kwa nini.

Sasa twende sokoni. Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, biashara nyingi zilitawanyika mitaani, na kompyuta leo huzikuta katika maduka ya katikati ya mji, katika vibanda vidogo, na hata mkononi mwa mtu anayekufuata barabarani akinong'ona. Mimi mwenyewe, ninayesoma mazungumzo haya, niliwahi kununua mashine katika duka ambalo sitalitaja. Kibandiko cha mbele kilisema i5. Nilipofika nyumbani fundi akanionyesha kwamba ndani yake mlikuwa na prosesa nyingine kabisa, ya daraja la chini. Kibandiko kilikuwa kimebanduliwa kwenye mashine nyingine. Niliporudi niliulizwa risiti iko wapi. Sikuwa nayo, kwa kuwa muuzaji alinipunguzia bei kidogo kwa sharti la kutoandika risiti, nami nikajiona mjanja.

Tangu siku hiyo siamini kibandiko. Ukiwasha mashine ya Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc; dirisha litafunguka, na katika sehemu ya utendaji utaona jina la prosesa, kiasi cha ramu, na aina ya diski. Hayo ndiyo maneno ya mashine yenyewe. Halafu pima betri. Fungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, nayo mashine itatengeneza taarifa yenye namba mbili za kulinganisha: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa leo ikijaa. Ikiwa ya kiwandani ni 50,000 na ya leo ni 20,000, betri hiyo imekwisha, na bei ya betri nyingine uiondoe katika bei ya mashine papo hapo, mbele ya muuzaji. Zaidi ya hayo, andika herufi zote za kibodi moja moja. Chomeka flashi katika kila tundu. Ifunue kioo na kukifunika mara kadhaa huku inawaka, uone kama picha inachezacheza. Iache iwake nusu saa nzima. Muuzaji mwenye haki atakupa kiti ukae. Asiyetaka uketi nusu saa ana sababu yake.

Mambo mawili madogo ya hapa kwetu husahauliwa mara nyingi. La kwanza ni kibodi. Shule zetu na ofisi zetu zimezoea mpangilio wa Kifaransa, unaoanza na herufi A na Z katika mstari wa juu. Mashine zilizopitia Dubai, Nairobi au Kampala zina mpangilio wa Kiingereza, unaoanza na Q na W, na nyingine zimeongezwa herufi za Kiarabu. Zile za Ubelgiji zina mpangilio wa Kifaransa lakini alama kadhaa zimehamishwa. Mtu aliyejifunza kupiga chapa bila kutazama atateseka, ingawa mfumo wenyewe waweza kubadilishwa na vibandiko vya herufi vikabandikwa. La pili ni plagi. Waya wa chaja uliotoka Kenya, Uganda au Tanzania una meno matatu bapa ya Kiingereza, na soketi zetu ni za matundu mawili ya mviringo. Hiyo ni dosari ndogo, waya hubadilishwa. Kilicho muhimu ni chaja yenyewe iwe ya asili, maana chaja bandia imeunguza mashine nyingi kuliko mvua.

Na tukitaja chaja tumegusa umeme. Katika nchi yetu ni mtu mmoja tu kati ya takriban kumi aliye na umeme wa gridi nyumbani, na hata huyo wa Bujumbura anajua jinsi unavyokatika. Hatari kubwa haimo katika kukatika. Imo katika kurudi. Umeme ukirudi ghafla huja kwa kishindo, na kile kishindo ndicho kinachopiga chaja. Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika chache ndipo uchomeke. Kwa askari aliye katika kituo kisicho na gridi, swali la kwanza kabla ya prosesa na kabla ya ramu ni hili: nitaichaji kwa nini? Kompyuta mpakato ya kawaida huomba wati 45 hadi 65 inapochajiwa. Vile vifaa vidogo vya jua vya taa mbili na simu haviwezi kuibeba. Paneli ya wati 50 pamoja na betri yake ikipata saa nne za jua kali hutoa wati-saa 200 kwa hesabu ya karatasi, na pungufu ya hapo kwa hesabu ya kweli. Hiyo hujaza mashine mara mbili au tatu. Mashine zinazopokea umeme kwa lile tundu dogo la yuesibii ya aina ya C, kama T480 tuliyoitaja, zina faida kwamba zaweza kuchajiwa hata ndani ya gari kwa kifaa kinachostahili. Tena T480 nyingi zina betri mbili, moja ndani na moja nje, na ile ya nje hubadilishwa bila kuzima mashine. Sijui mhandisi aliyebuni hilo alimfikiria nani, lakini angekuwa amemfikiria mlinzi wa lindo la mbali asingefanya vizuri zaidi.

Ndugu zetu wa polisi wana neno lao pekee. Kompyuta mpakato ni miongoni mwa vitu vinavyoibwa kwa urahisi, maana hubebeka, huuzika, na haina alama ya ng'ombe. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai kwa raia yeyote, lakini askari polisi akikutwa nayo amejiharibia na amekiharibia kikosi chake jina. Basi angalieni namba ya utambulisho iliyo chini ya mashine, na mlinganishe na ile inayoonekana ndani mashine inapowashwa. Zikitofautiana, ulizeni. Mashine ikiwaka ikadai nenosiri kabla hata mfumo haujaanza, au ikiunganishwa na intaneti ikadai barua ya kampuni fulani msiyoijua, hiyo bado ina mwenyewe, au angalau haikuachiliwa kwa taratibu. Msiinunue, hata ikiwa fundi aliye jirani anaahidi kuifungua kwa fedha kidogo. Na risiti iandikwe namba hiyo hiyo ya utambulisho, tarehe, jina la duka, na muda ambao muuzaji ameahidi kuirudisha fedha au kubadilisha mashine ikiharibika. Miezi mitatu ni muda wa haki kwa mashine iliyotumika. Wengine watakubali mmoja tu.

Kuhusu mkopo tuseme kwa uwazi. Wapo wanaokopa mahali ambapo riba hukatwa kwenye mshahara kila mwezi, wakachukua fedha za kutosha mashine ya fahari. Kununua kwa mkopo wa mwaka mmoja kitu kitakachotumika miaka minne kunaweza kuwa na hesabu. Kununua kwa mkopo wa miaka mitatu mashine ya nyuma ya mpaka, yenye betri mbovu, ni kuendelea kulipia maiti. Afadhali mtu angoje mishahara minne, na katika muda huo ajifunze kupiga chapa kwa mashine ya rafiki.

Limebaki jambo moja zito, nalo ni siri. Kompyuta ya askari, hata akiinunua kwa fedha zake, huwa na tabia ya kupokea karatasi za kazi: orodha ya zamu, ramani, majina ya wenzake. Mwezi wa Mei 2006, huko Marekani, kompyuta mpakato na diski ya mtumishi mmoja wa idara ya wastaafu wa jeshi viliibwa nyumbani kwake katika jimbo la Maryland. Mwizi alikuwa mwizi wa kawaida tu wa nyumba. Lakini ndani yake mlikuwa na taarifa za watu wapatao milioni 26 na nusu, wastaafu pamoja na baadhi ya waliokuwa bado jeshini, na serikali nzima ikatikisika hadi vilipopatikana mwezi uliofuata. Mwaka 2008 jeshi hilo hilo lilipatwa na jambo jingine: flashi moja iliyochomekwa katika kompyuta ya kituo chao cha Mashariki ya Kati iliingiza virusi vilivyosambaa hadi kwenye mitandao ya siri, na mwezi wa Novemba mwaka huo wakapiga marufuku flashi kwa muda. Ikiwa jeshi lenye mali nyingi namna ile liliingiliwa kwa kitu kidogo kama kidole, koplo wa Bujumbura anayebadilishana filamu na nyimbo kwa flashi kambini asijidhani yuko salama.

Kwa hiyo karatasi za kazi zibaki katika mashine za kazi. Mashine yako binafsi, usiku ule ule wa kwanza kabla hujaionyesha kwa mtu, fanya hivi. Futa kila kitu na uweke mfumo upya, kwa sababu hujui mwenye zamani wala muuzaji aliacha nini ndani. Fundi mwaminifu atakufanyia kwa malipo madogo, nawe uketi pembeni yake. Kataa Windows iliyovunjwa kufuli inayouzwa kwa flashi barabarani, maana mara nyingi aliyeivunja amejiachia mlango. Mashine nyingi za ofisi zilikuja na leseni yake, na mfumo ukiwekwa upya kwa njia halali hujitambua wenyewe ikiunganishwa na intaneti. Weka nenosiri lisilo jina la mkeo wala namba yako ya jeshi. Washa ule uwezo wa kufunga diski nzima kwa ufunguo wa siri, ili mwizi akiondoa diski asisome kitu. Lakini ufunguo wa kufungulia uuandike katika karatasi, kwa kuwa ukiupoteza wewe mwenyewe utakuwa sawa na mwizi, nje ya mlango. Kisha piga picha ya namba ya utambulisho, uinakili pia kwa mkono, na risiti pamoja na karatasi hizo mbili zihifadhiwe nyumbani, mbali kabisa na mfuko wa kubebea kompyuta yenyewe.